Rangi ya Kahawia Katika Ubongo wa Bondia

Oktoba 1928, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapa makala ya Harrison Martland, mkuu wa uchunguzi wa vifo katika wilaya ya Essex, jimbo la New Jersey. Martland alikuwa amekwisha kujijengea jina. Miaka michache nyuma alithibitisha kwamba wasichana wa kiwandani waliokuwa wakipaka radiamu kwenye nyuso za saa walikuwa wakiuawa na kazi yao. Safari hii aliandika kuhusu mabondia. Watu wa ngumi walijua siku nyingi kwamba bondia aliyekaa ulingoni kwa miaka huanza kuburuta mguu, ulimi humwia mzito, mikono humtetemeka, na mwisho akili humtoka. Mashabiki walimwita mlevi wa makonde, wakamcheka. Martland alisema huo ni ugonjwa, na kwamba chanzo chake ni makonde ya kichwa yanayopasua vijishipa vya damu ndani kabisa ya ubongo.

Promota mmoja alimpa majina ya mabondia 23 aliowaona na hali hiyo. Pamoja na majina hayo, Martland alikuwa na kumbukumbu za maiti nyingi za watu waliokufa kwa kuumia kichwa. Alichokosa ni ubongo wa bondia mzee uliokatwa, ukatiwa rangi na kusomwa chini ya hadubini sehemu kwa sehemu. Alikisia, na alikisia vizuri kuliko wengi waliomfuata. Lakini makisio hayafungi ulingo, na mapambano yaliendelea.

Ubongo mbichi ni laini mno, haukatiki vizuri kwa kisu. Kwanza huning'inizwa kwa uzi ndani ya ndoo ya fomalini, wiki mbili au zaidi, mpaka ukaze. Kisha hukatwa mapande, na kila kipande kinachotakiwa huondolewa maji kwa alkoholi, huzamishwa katika nta ya moto, na nta ikishaganda hupelekwa kwenye mashine yenye wembe mkali inayochuna ukanda wa unene wa maikromita 5 au zaidi kidogo. Ukanda huo ukiulaza juu ya kioo, mwanga unapita kama kwenye ganda la ndani la kitunguu, na jicho haliambulii kitu. Chochote utakachokiona baada ya hapo umeonyeshwa na rangi. Ugonjwa ambao rangi yake hukuitia utaupita huku unautazama.

Rangi ya kila siku, inayotumika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kama inavyotumika Boston, ni jozi ya haematoksilini na eosini. Haematoksilini hutoka kwenye kiini cha mti wa Campeche, Mexico, ambao Wazungu waliuvusha bahari kwa karne kadhaa kwa ajili ya kutia nguo rangi kabla watu wa hadubini hawajaugundua. Eosini ilitoka kwenye viwanda vya kemikali vya Ujerumani. Mwaka 1876 mtafiti aitwaye Wissowzky alizitumia pamoja: ya kwanza hukipaka kiini cha seli rangi ya buluu iliyokolea, ya pili huvipaka vilivyobaki waridi. Kwa uvimbe wa saratani, usaha, au damu iliyovuja jana, jozi hiyo inatosha kabisa. Kwa bondia aliyestaafu miaka 20 iliyopita inakuonyesha waridi na buluu tu, na seli zilizopungua hapa na pale kiasi ambacho hata uzee ungeweza kusingiziwa.

Fedha ndiyo iliyoanza kufungua mlango. Mwaka 1873 Camillo Golgi, daktari katika hospitali ya wagonjwa wa kudumu mjini Abbiategrasso, Italia, aligeuza jiko kuwa maabara. Aligundua kwamba tishu iliyokazwa kwa chumvi ya kromiamu, ikilowekwa kwenye nitrati ya fedha, hugeuza seli chache za neva kuwa nyeusi tii, na matawi yake yote yakaonekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Max Bielschowsky wa Berlin alitengeneza njia nyingine ya fedha, na ndiyo aliyoitumia Alois Alzheimer. Novemba 1906, mjini Tübingen, Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa katika miaka ya 50 na kufa. Ndani ya seli zake za neva mlikuwa na nyuzi nene zilizojisokota kuwa vifundo. Nje ya seli kulikuwa na mabaka. Baadaye kifundo na baka vikawa jozi inayotafutwa kwa pamoja.

Kwa mabaka kulikuwa na rangi nyingine tena, nyekundu ya Congo. Haina hata chembe iliyotoka Congo. Mkemia Paul Böttiger aliitengeneza Ujerumani mwaka 1883 kwa ajili ya pamba, na kampuni ya AGFA ikaipeleka sokoni wakati mataifa ya Ulaya yakikaa Berlin kugawana Afrika na jina la Congo likiwa kwenye kila gazeti. Baadaye ilionekana kwamba inashika amiloidi, protini iliyoganda kwenye viungo vya wagonjwa, na mwaka 1927 Paul Divry, Mbelgiji, alionyesha kuwa inashika mabaka ya ubongo pia.

Kwa zana hizo, fedha na nyekundu ya Congo, Nicholas Corsellis alianza kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya. Alikuwa mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya Runwell, Essex ya Uingereza, hospitali ya magonjwa ya akili, na alikuwa na tabia ya kutotupa ubongo. Akiwa na wenzake Bruton na Freeman-Browne, alikusanya ubongo wa mabondia 15 waliostaafu, wakaenda kwa jamaa na marafiki kuuliza marehemu alipigana miaka mingapi, aliangushwa mara ngapi, alianza kubadilika lini, alikuwa mtu wa namna gani nyumbani. Matokeo yalichapwa mwaka 1973. Utando unaotenganisha vyumba viwili vya maji katikati ya ubongo ulikuwa umechanika. Seli nyeusi za shina la ubongo, zile zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson, zilikuwa zimepungua. Ubongo mdogo wa nyuma ulikuwa na makovu. Na chini ya fedha vilionekana vifundo, vingi ajabu.

Mabaka hayakuonekana, au yalikuwa machache mno. Jambo hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka 17. Kama vifundo vipo na mabaka hayapo, basi maradhi ya mabondia ni kitu cha peke yake, kisicho na undugu na ugonjwa wa Alzheimer. Hivyo ndivyo vitabu vilivyoandika, na kwa rangi zilizokuwepo vilikuwa sahihi.

Wakati huohuo, mbali na mambo ya ngumi, wanasayansi wa kinga ya mwili walikuwa wakitengeneza rangi ya aina nyingine kabisa. Mwaka 1941, Harvard, Albert Coons aliifunga kemikali inayong'aa kwenye kingamwili, ile protini ambayo mwili huitoa kumkamata adui mmoja maalumu na kumwacha jirani yake. Mwaka 1966 Nakane na Pierce waliifunga kingamwili kwenye kimeng'enya badala ya mng'ao. Kimeng'enya hicho kikipewa kemikali inayofaa huacha tope la kahawia palepale kingamwili ilipojishikiza. Sasa fundi wa maabara hakuwa tena anatafuta kitu kinachopenda fedha au kinachopenda tindikali. Alikuwa anaiuliza tishu: protini fulani, kwa jina lake, imo? Mwaka 1975, Cambridge, Köhler na Milstein wakapata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila kikomo. Mwaka uleule, Princeton, ikagunduliwa protini iitwayo tau, inayoshikilia mihimili ndani ya seli, na kufikia 1986 ilikuwa imethibitishwa kwamba vifundo vya Alzheimer vimetengenezwa na tau iliyoharibika.

Kikwazo kilikuwa fomalini. Huokoa tishu isioze, lakini hufanya hivyo kwa kuzifunga protini zishikane, na kingamwili ikija haipati pa kujishikiza. Mwaka 1987 Kitamoto na wenzake walionyesha kwamba ukanda wa tishu ukilowekwa kwanza kwenye asidi ya fomiki, amiloidi iliyojificha hufunguka. Miaka minne baadaye Shan-Rong Shi akaonyesha kwamba hata kuchemsha kioo chenye tishu ndani ya oveni ya maikrowevu kunarudisha protini nyingi zilizodhaniwa zimepotea. Haya ni mambo ya mezani kwa fundi: beseni, kipima muda na harufu kali ya asidi. Hayajapigiwa makofi hadharani, na bila hayo hadithi hii ingeishia 1973.

Mwaka 1990 Gareth Roberts, akiwa na Allsop na Bruton yuleyule wa zamani, walirudi kwenye mapande ya nta ya Corsellis. Walichukua mabondia wale, wakaongeza wengine wakafika 20, wakachuna kanda mpya, wakazitia asidi ya fomiki, kisha kingamwili dhidi ya protini ya mabaka. Karibu kila bondia aliyekuwa na vifundo vingi alionekana pia na mabaka tele, yametawanyika kama mawingu yasiyo na kingo. Yalikuwa pale siku zote. Fedha ya kawaida haikuyashika, wala nyekundu ya Congo, kwa sababu hayakuganda kiasi cha kuzivutia rangi hizo. Naiheshimu sana makala ile fupi. Hakuna ubongo mpya uliohitajika ili kupindua sura nzima ya kitabu. Ilitosha kwamba Corsellis alitunza mapande yake, na kwamba kuna aliyekuwa tayari kuyauliza upya.

Tangu hapo kahawia ikaanza kuonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1999 Jennian Geddes wa London na wenzake walieleza ubongo wa vijana watano wa kati ya miaka 23 na 28, kila mmoja kwa njia yake akiwa amegongwa kichwa mara nyingi. Wawili walikuwa mabondia, mmoja mchezaji wa soka. Hakuna kati yao aliyefikia umri wa kupoteza akili. Lakini kingamwili ya tau ilionyesha vifundo vimekusanyika mahali pa ajabu: kando ya vijishipa vya damu, ndani kabisa ya mabonde ya mikunjo ya ubongo. Kwa mgonjwa wa Alzheimer tau haianzi hapo. Wahandisi wanaopima mtikisiko wa kichwa wanasema sehemu hizohizo, sakafu za mabonde na kingo za mishipa, ndizo zinazovutwa zaidi kichwa kinaposimama ghafla.

Mwaka 2002 ukaleta maiti mbili, kila moja upande wake wa bahari.

Januari alifariki Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion, aliyefunga bao pekee katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1968 dhidi ya Everton. Alikuwa na miaka 59. Kwa Waingereza alikuwa mfalme wa mipira ya kichwa. Miaka yake ya mwisho alikuwa amepoteza kumbukumbu kiasi cha kutojua kwamba aliwahi kucheza. Novemba mwaka ule, ofisa wa serikali aliyechunguza kifo chake alitoa uamuzi kwamba kimetokana na ugonjwa wa kazini, yaani mpira wenyewe. Familia ilitarajia vyama vya soka vichukue hatua. Hatua hazikuonekana, na kwenye karatasi maradhi yake yalibaki na jina la Alzheimer.

Septemba, Pittsburgh, ililetwa maiti ya Mike Webster, miaka 50, aliyecheza katikati ya safu ya mbele ya Steelers, timu ya mpira wa Marekani, na kutwaa nayo ubingwa wa nchi mara 4. Alikufa kwa moyo, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kulala ndani ya gari. Daktari wa zamu alikuwa Bennet Omalu, Mnigeria aliyezaliwa wakati wa vita vya Biafra na kusomea udaktari nchini kwake kabla ya kwenda Marekani. Omalu alipoufungua ubongo alitegemea kuona umesinyaa. Ulikuwa wa kawaida: uzito wa kawaida, mikunjo ya kawaida, hakuna michubuko. Mtu mwingine angeandika chanzo cha kifo ni moyo, akaosha mikono. Yeye aliagiza ukazwe kwenye fomalini, kisha akaagiza vioo zaidi na zaidi kwa pesa zake mwenyewe, kwa sababu hakuna ofisi ya uchunguzi wa vifo inayolipia rangi ghali kwa swali ambalo halijaulizwa na polisi. Rangi ya waridi na buluu haikumpa kitu cha maana. Kahawia ilimpa tau.

Aliwaonyesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, wakakubaliana naye. Makala ilitoka katika jarida la *Neurosurgery* mwaka 2005. Madaktari watatu wa kamati ya ligi ya NFL iliyoshughulikia mtikisiko wa ubongo waliandika kudai iondolewe. Haikuondolewa, na mwaka uliofuata Omalu akachapa ya mchezaji wa pili, Terry Long. Ligi iliendelea kukwepa kwa muda mrefu. Machi 2016 ndipo ofisa wake wa juu wa afya na usalama alipoulizwa mbele ya wabunge wa Marekani kama kuna uhusiano kati ya mchezo huo na maradhi haya, akajibu kwamba upo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 87 tangu Martland aandike. Siwezi kuutazama muda huo nikauita uangalifu wa kisayansi. Kila mara rangi ilipofika mwisho wa uwezo wake, wenye faida walisimama hapo na kusema hakuna ushahidi, na rangi mpya ilipokuja walisogea hatua moja tu.

Boston, Ann McKee na wenzake walikuwa wamejenga benki ya ubongo wa wanamichezo. Walikata kanda pana, nene kuliko za kawaida, za nusu nzima ya ubongo, wakazitia kingamwili iitwayo AT8 inayotambua tau iliyobebeshwa fosfeti kupita kiasi, hata ukaona ugonjwa kwa macho bila hadubini: mistari ya kahawia imetanda kwenye sakafu za mabonde. Mwaka 2017 walitoa hesabu ya ubongo wa wachezaji 202 wa mpira wa Marekani. 177 walikuwa na maradhi hayo, ambayo sasa yanaitwa CTE duniani kote. Kati ya 111 waliocheza NFL, ni mmoja tu aliyenusurika. Magazeti yaliruka na takwimu hiyo, na inastahili kusomwa kwa uangalifu. Anayetoa ubongo wa baba au mume mara nyingi ni familia iliyokwisha kuona mambo. Hesabu hiyo haisemi ni wangapi kati ya wachezaji wote wanaougua. McKee mwenyewe na wenzake waliliandika hilo waziwazi.

Swali gumu zaidi lilikuwa kama mabingwa wa hadubini wanaona kitu kilekile. Mwaka 2015, kwa mwito wa taasisi za afya za Marekani, wataalamu 7 walipelekewa vioo vya wagonjwa 25 wa maradhi mbalimbali ya tau bila kuambiwa umri, jinsia, dalili wala michezo. Walikubaliana kwa kiwango kizuri, wakaandika sharti moja la msingi: tau ndani ya seli za neva, kando ya vijishipa vya damu, kwenye vina vya mabonde ya ubongo, bila mpangilio sawa. Yaani lile alilolieleza Geddes kwa vijana watano.

Kabla ya hapo, mwaka 2014, Willie Stewart wa Glasgow alikuwa ameuchunguza upya ubongo wa Astle uliohifadhiwa kwa ridhaa ya familia, akatangaza kwamba ilikuwa CTE. Mapande ya Corsellis nayo yalichunwa tena. Mwaka 2018 watafiti wa London, akiwamo Steve Gentleman, walitoa matokeo ya mabondia wale wa zamani kwa kingamwili na masharti ya 2015. Kama nusu yao walikuwa na CTE. Wengine, ambao kwa nusu karne walihesabiwa kuwa mfano wa maradhi ya ngumi, walikuwa na Alzheimer au magonjwa mengine ya uzee. Nadhani hilo ndilo linaloipa kahawia heshima yake. Inaweza kusema ndiyo, na inaweza pia kumwambia mtu aliyependa jibu la ndiyo kwamba hapana.

Inachoshindwa ni kumsaidia aliye hai. Huwezi kuchuna ukanda wa ubongo wa mchezaji anayekwenda mazoezini kesho. Kemikali zenye mnururisho zinazotafuta tau kwa picha zilijaribiwa kwa wachezaji 26 wa zamani wa NFL, na matokeo ya 2019 yalionyesha tofauti kati ya kundi na kundi bila kuweza kumtambua mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo ushahidi kuhusu walio hai ulibidi utafutwe kwenye madaftari. Mwaka huohuo kundi la Stewart lililinganisha wanasoka wa kulipwa 7,676 wa zamani wa Scotland na watu 23,028 wa kawaida: wachezaji walikufa kwa magonjwa ya kuoza kwa ubongo kwa kiwango cha kama mara tatu na nusu ya wengine, ingawa moyo uliwaua mara chache kuliko wenzao.

Februari 2020, vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Mwaka uliofuata wachezaji wa kulipwa wa England nao waliwekewa mwongozo: vichwa vya nguvu visizidi 10 katika wiki moja ya mazoezi.